King'ora cha kaboni monoksidi nyumbani: je, sheria inakilazimisha? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Uingereza, wawe wamepanga, wamenunua nyumba, au wanaishi kwa ndugu na jamaa. Kwanza ni lazima majina yawekwe sawa. Kwa Kiswahili tumezoea kusema "Uingereza" tukimaanisha ufalme wote, kuanzia London hadi Glasgow, Cardiff na Belfast. Katika jambo hili mazoea hayo yanaweza kumpotosha mtu, kwa kuwa sheria ya nyumba iliyoko Leicester si sheria ya nyumba iliyoko Glasgow. Kwa hiyo, hapa "Uingereza" ni ufalme mzima, nao umegawanyika katika England, Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini, na kila sehemu ina kanuni zake za nyumba.

Kaboni monoksidi ni nini? Ndiyo ile hewa ukaa inayozungumzwa kwenye habari za mabadiliko ya tabianchi?

Hapana, na kosa hili hutokea mara nyingi. Hewa ukaa ni kaboni dioksidi, ambayo sisi sote tunaitoa tunapopumua. Kaboni monoksidi ni gesi nyingine inayozaliwa pale kitu chenye kaboni, kama vile gesi ya kupikia, mafuta ya taa, petroli, kuni au mkaa, kinapoungua bila kupata hewa ya kutosha. Haina rangi, haina harufu wala ladha, na haiwashi macho wala koo kama moshi. Mtu aliyelala haamshwi nayo, na aliye macho haioni ikiingia. Hiyo ndiyo sababu ya kuwapo kwa king'ora, kwani hakuna kiungo cha mwili wa binadamu kinachoweza kufanya kazi hiyo.

Inadhuru mwili kwa njia gani?

Katika damu kuna himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka kwenye mapafu na kuipeleka mwilini. Kaboni monoksidi hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hata kiasi kidogo hewani kinatosha kuipokonya oksijeni nafasi yake. Mtu anaendelea kupumua kama kawaida, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo vinanyimwa oksijeni. Akitolewa nje kwenye hewa safi, kiasi cha sumu hiyo katika damu hupungua kwa nusu baada ya takribani saa 4 hadi 5. Akipewa oksijeni tupu hospitalini, muda huo hushuka hadi kama saa moja au moja na nusu. Walio katika hatari kubwa zaidi ni mama mjamzito na mtoto aliye tumboni, watoto wachanga, wazee, na wenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu.

Basi, kwa ufupi, king'ora hiki ni lazima kisheria?

Katika nyumba nyingi za kupanga zenye boila (mtambo wa kupasha joto maji na nyumba), hita ya gesi au jiko la kuni lililofungwa, yaani lililowekwa mahali pake kwa kudumu wala si la kubebwa, ndiyo, na wajibu ni wa mwenye nyumba. Katika nyumba unayoimiliki na kuishi mwenyewe, jibu hutegemea sehemu ya ufalme unayoishi: Uskoti ni lazima, ilhali England ni lazima tu unapofunga kifaa kipya. Majibu yanayofuata yanaeleza kwa kirefu, kwa kuwa katika jambo hili neno moja tu la kanuni, kama "kilichofungwa" au "cha kupikia", linaweza kumwacha mtu nje ya ulinzi aliodhani anao.

Nimepanga nyumba England. Mwenye nyumba anatakiwa kufanya nini hasa?

Kanuni za ving'ora vya moshi na vya kaboni monoksidi za England zilianza kutumika tarehe 1 Oktoba 2015. Wakati huo zilikuwa finyu: king'ora cha kaboni monoksidi kilitakiwa tu katika chumba chenye kifaa kinachochoma kuni au makaa, na ziliwahusu wenye nyumba binafsi pekee. Boila ya gesi, ambayo ndiyo iliyomo katika nyumba nyingi, haikuguswa. Kwa miaka 7 mpangaji aliyelala chumba kimoja na boila hakuwa na king'ora cha kudai kwa kanuni hizo, na kwa maoni yangu pengo hilo lilikaa muda mrefu mno.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2022 mambo yamebadilika. Sasa mwenye nyumba anapaswa kuweka king'ora katika kila chumba kinachotumiwa kwa makazi, chenye kifaa chochote kilichofungwa kinachochoma mafuta ya aina yoyote (hapa "mafuta" ni chochote kinachochomwa, iwe gesi, kuni, makaa au mafuta yenyewe), isipokuwa jiko la gesi la kupikia. Wajibu huo sasa unazihusu pia nyumba za halmashauri na za vyama vya nyumba. Neno "chumba" limepewa maana pana: ukumbi wa kupitia na sehemu ya juu ya ngazi ni vyumba, na bafu na choo vinahesabiwa kuwa sehemu za makazi. Kwa hiyo, mwenye nyumba hawezi kukwepa kwa kusema kwamba boila imo bafuni wala si chumba cha kulala.

Siku ya kwanza ya mkataba mpya, mwenye nyumba au wakala wake anapaswa kuhakikisha kwamba ving'ora vyote vinafanya kazi. Uwepo wake tu hautoshi. Katika nyumba moja niliyowahi kupanga, king'ora kilikuwa kwenye droo ya jikoni, ndani ya kasha lake, betri ikiwa bado na utepe wake wa plastiki, na katika orodha ya makabidhiano kiliandikwa kuwa kipo. Tangu siku ile, kitu cha kwanza ninachofanya nikikabidhiwa funguo ni kubonyeza kitufe cha majaribio mbele ya anayenikabidhi, na ninamshauri kila mpangaji afanye hivyo kabla ya kutia sahihi.

Nyumba yangu inatumia umeme kwa kupasha joto, lakini ninapikia jiko la gesi. Je, ninastahili king'ora?

Kwa kanuni za England, hapana. Jiko la gesi la kupikia limetolewa waziwazi, na kama hakuna kifaa kingine kinachochoma mafuta, mwenye nyumba hana wajibu huo. Hata hivyo, jiko lenye vichomeo vilivyoziba au lisilopata hewa linaweza kutoa sumu hii kama kifaa kingine chochote. Ninashauri ununue king'ora mwenyewe. Bei ya vile vya kawaida ni kama pauni 15 hadi 30, na ukihama unaondoka nacho.

Nimepanga chumba kwa mtu ambaye naye anaishi humohumo.

Hapa wengi wetu hujikuta nje ya ulinzi bila kujua. Kanuni za England haziwahusu wapangaji wanaoshiriki makazi na mwenye nyumba au familia yake, na huo ndio mpango ambao wageni wengi huanzia: chumba kimoja kwa shangazi wa rafiki, jikoni na sebuleni mnashirikiana. Mabweni ya wanafunzi, hosteli na nyumba za kulelea wazee nazo zimetolewa, pamoja na mikataba ya muda mrefu ya miaka 7 au zaidi. Nyumba zinazokaliwa na watu wa familia mbalimbali na zinazohitaji leseni ya halmashauri hufuata masharti ya leseni, ambayo nayo yanadai king'ora. Kwa hiyo, usikate tamaa mapema: iulize halmashauri kama nyumba yenu ina leseni.

Kama umetolewa na kanuni, zungumza na mwenyeji wako kwa heshima na umweleze kwamba king'ora kinamlinda yeye na watoto wake kabla ya kukulinda wewe. Mara nyingi hakuna ubishi. Ni kwamba tu hakuna aliyekuwa amelifikiria.

Nyumba ni yangu mwenyewe. Kuna sheria inayonilazimisha?

England, hakuna kanuni inayomtaka mwenye nyumba anayeishi humo aweke king'ora kwa ajili ya boila aliyoikuta. Lakini kanuni za ujenzi zinadai king'ora kila kifaa kipya kinachochoma mafuta kinapofungwa. Zamani sharti hilo lilihusu vya kuni na makaa tu, na tangu Oktoba 2022 linahusu vya gesi na mafuta pia, isipokuwa vile vinavyotumika kupikia tu. Fundi akikubadilishia boila akaondoka bila kuweka king'ora, kazi hiyo haijakamilika.

Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini je?

Uskoti imekwenda mbali kuliko wenzake. Tangu tarehe 1 Februari 2022, kila nyumba, iwe ya kupanga au ya kumiliki, inatakiwa kuwa na king'ora cha kaboni monoksidi katika kila chumba chenye kifaa kilichofungwa kinachochoma mafuta, au chenye bomba la kutolea moshi wa kifaa hicho. Vifaa vya kupikia tu vimetolewa. Wapangaji wa nyumba za watu binafsi huko walikuwa wamekwisha kupata haki hiyo tangu Desemba 2015. Ving'ora vya moshi vya Uskoti ni lazima viunganishwe ili kimoja kikilia vyote vilie, lakini cha kaboni monoksidi hakilazimiki kuunganishwa navyo.

Wales, tangu tarehe 1 Desemba 2022, nyumba ya kupanga isiyo na king'ora kinachofanya kazi katika kila chumba chenye kifaa cha gesi, cha mafuta au cha kuni na makaa inahesabiwa kuwa haifai kukaliwa na binadamu. Maneno ya kanuni ya Wales yanataja kifaa cha gesi bila kulitoa jiko la kupikia. Kwa hiyo, mpangaji wa Cardiff mwenye jiko la gesi ana haki ambayo mwenzake wa Bristol, ng'ambo ya pili ya mto Severn, hana.

Ireland ya Kaskazini imewafikia wapangaji wa nyumba za watu binafsi hivi karibuni: mikataba mipya tangu tarehe 1 Septemba 2024, na ya zamani kufikia tarehe 1 Desemba 2024.

Mwenye nyumba wangu wa England hataki kuweka king'ora, au kimeharibika na hajali. Nifanye nini?

Anza kwa maandishi. Barua pepe au ujumbe wa simu unatosha, mradi una tarehe na unaeleza chumba, kifaa kilichomo na tatizo lenyewe. Tangu 2022, mwenye nyumba akiarifiwa kwamba king'ora ni kibovu, akathibitisha kwamba kweli ni kibovu, anapaswa kukitengeneza au kukibadilisha haraka iwezekanavyo. Asipofanya hivyo, peleka malalamiko kwa idara ya nyumba ya halmashauri yako. Halmashauri ikiwa na sababu za kuamini kwamba kanuni imevunjwa, inapaswa kumpelekea ilani ya kurekebisha ndani ya siku 21, naye anapewa siku 28 za kutekeleza. Akikaidi, halmashauri inaweza kuja kuweka king'ora yenyewe kwa ridhaa yako, na kumtoza faini isiyozidi pauni 5,000.

Wakati shauri hilo likiendelea, usikae bila king'ora kwa kusubiri haki yako. Nunua kimoja na uhifadhi risiti. Madai yanaweza kuchukua wiki nyingi, ilhali boila mbovu inaweza kumaliza kazi yake kwa usiku mmoja.

Fundi wa gesi huja kila mwaka. Hilo halitoshi?

Ni jambo zuri sana, na ni haki yako. Kanuni za usalama wa gesi za mwaka 1998 zinamtaka mwenye nyumba apange ukaguzi wa vifaa vyake vya gesi kila baada ya miezi 12. Kazi hiyo hufanywa na fundi aliyeandikishwa katika Gas Safe Register, daftari la mafundi wa gesi lililochukua nafasi ya lile la zamani, CORGI, tarehe 1 Aprili 2009. Nakala ya cheti cha ukaguzi unapaswa kupewa ndani ya siku 28, au kabla ya kuhamia ikiwa wewe ni mpangaji mpya. Fundi ana kitambulisho chenye picha, na nyuma yake kumeandikwa aina za kazi anazoruhusiwa kufanya. Kumwomba akuonyeshe si utovu wa adabu.

Lakini ukaguzi unaeleza hali ya siku moja. Ndege anaweza kujenga kiota kwenye dohani wiki inayofuata, au bomba la kutolea moshi likaachia kwenye kiungo. Tena, sumu inaweza kutoka kwa jirani. Kaboni monoksidi hupenya kuta na sakafu, na watu wanaoishi juu ya mikahawa inayochoma nyama kwa mkaa au kuoka mikate katika tanuri la kuni wanaweza kudhurika ingawa kwao hakuna hata njiti ya kiberiti. Kanuni za England huangalia kilichomo chumbani mwako, wala si kilichoko chini yako. Kama unaishi mahali kama hapo, weka king'ora hata kama nyumba yenu ni ya umeme mtupu.

Kuna king'ora cha moshi darini. Si kitu kilekile?

Si kitu kilekile. Cha moshi hutambua chembechembe za moshi, na sumu hii inaweza kujaa chumba bila hata chembe moja ya moshi. Vipo vifaa vinavyofanya kazi zote mbili, na vimeandikwa hivyo.

Ninunue cha aina gani, na nikiweke wapi?

Angalia kama kwenye kasha kumeandikwa EN 50291, ambacho ndicho kiwango cha Ulaya na Uingereza kwa ving'ora vya nyumbani. Chenye betri isiyotolewa, inayodumu maisha yote ya kifaa, kina faida moja kubwa: hakuna atakayeichomoa ili aitumie kwenye rimoti. Kuna vibandiko vya bei rahisi vyenye doa linalobadilika rangi penye sumu, lakini kibandiko hakiwezi kumwamsha aliyelala, na kwa hiyo hakifai kutegemewa. Kwa asiyesikia vizuri, vipo ving'ora vinavyounganishwa na taa inayomulika na kifaa cha kutikisa kinachowekwa chini ya mto.

Kiweke katika chumba kilekile chenye kifaa kinachoungua, ukutani au juu ya rafu, kwa usawa wa kichwa, umbali wa kati ya mita 1 na 3 kutoka kwenye kifaa hicho. Usikifiche nyuma ya pazia wala ndani ya kabati, na usikiweke karibu na dirisha, juu ya sinki, au pale mvuke wa sufuria unapokigonga moja kwa moja. Wengi huamini kwamba gesi hii ni nzito na hutambaa chini, hivyo hukiweka karibu na sakafu. Uzito wake unakaribiana na ule wa hewa, na hupanda pamoja na joto. Maelekezo ya mtengenezaji yakitofautiana na haya, fuata ya mtengenezaji.

Kibonyeze mara moja kwa mwezi. Ving'ora hivi havidumu milele. Vingi vina umri wa miaka 5 hadi 10, na tarehe ya mwisho imechapishwa mgongoni au ubavuni. Kikianza kutoa mlio mfupi kila baada ya kitambo kidogo, kwa kawaida kinalalamikia betri au uzee, si sumu. Usikizime kwa kukifunika na taulo, kama nilivyoona katika nyumba zaidi ya moja. Kibadilishe.

Mbona wakati mwingine hakilii mara moja?

Kwa sababu kimeundwa kupima kiasi cha sumu pamoja na muda. Kwa kiwango cha EN 50291, hewa ikiwa na sehemu 30 za kaboni monoksidi kwa milioni, king'ora hakitakiwi kulia kabla ya dakika 120 kupita. Kwa sehemu 50 kinapaswa kulia kati ya dakika 60 na 90, kwa sehemu 100 kati ya dakika 10 na 40, na kwa sehemu 300 ndani ya dakika 3. Mpango huo unakizuia kulia ovyo kwa sababu ya moshi kidogo wa sigara au gari lililopita dirishani. Maana yake ni kwamba kikilia kweli, sumu imekwisha kuwa pamoja nanyi kwa muda, na si wakati wa kujadiliana kama kimeharibika.

Kimelia. Tufanye nini?

Fungueni milango na madirisha mnapotoka, zimeni kifaa kama kiko njiani na mnaweza, kisha tokeni nyote hadi nje. Hesabuni watu. Mkiwa nje, pigeni simu ya dharura ya gesi, 0800 111 999, ambayo ni bure na inapokelewa usiku na mchana katika England, Uskoti na Wales. Kama kuna anayejisikia vibaya, pigeni 999. Msirudi ndani kwa sababu king'ora kimenyamaza, kwani huenda kimenyamaza kwa kuwa mlifungua milango, na boila ikiwashwa tena yatarudi yaleyale. Subirini hadi chanzo kimepatikana.

Mkifika hospitalini, mwambieni daktari au muuguzi waziwazi: "Tunashuku kaboni monoksidi." Kipimo kinachohitajika ni cha damu. Kile kidude kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kinaweza kuonyesha namba nzuri kabisa kwa mtu aliyekwisha kuathirika, kwa kuwa hakiwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba sumu. Kama Kiingereza chako hakitoshi, una haki ya kuomba mkalimani wa Kiswahili, na mtoto asitumwe kufanya kazi hiyo.

Dalili zake ni zipi? Nitazitofautishaje na mafua au malaria?

Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika, uchovu, kuchanganyikiwa, kukosa pumzi. Mtu aliyetoka likizo Mombasa au Bukoba wiki mbili zilizopita atafikiria malaria, na hakosei kufikiria hivyo. Malaria ina kipimo chake, na inapaswa kupimwa haraka. Lakini sumu hii kwa kawaida haileti homa. Jiulize pia: je, ninapata nafuu nikitoka kwenda kazini, na hali inarudi nikirejea nyumbani? Je, watu wengine wa nyumba hiyo, au hata paka, wanaumwa wakati uleule? Je, tatizo lilianza tulipowasha boila kwa ajili ya majira ya baridi? Jibu likiwa ndiyo hata kwa swali moja, tokeni nje na mtafute msaada.

Kifaa chenyewe nacho kinaweza kutoa ishara: mwali wa gesi unaokuwa wa manjano au wa chungwa badala ya bluu, masizi au madoa meusi kandokando yake, na unyevu mwingi kwenye vioo vya madirisha kuliko kawaida. Lakini kutokuwapo kwa ishara hizo si ushahidi kwamba kila kitu ni salama.

Nikiwa na king'ora, ninaweza kuingiza jiko la mkaa ndani wakati wa baridi?

Hapana, kamwe. Ninaomba swali hili lisomwe kwa makini kuliko mengine yote, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Sheria zote zilizoelezwa hapo juu zinaangalia kifaa kilichofungwa: boila ukutani, hita iliyounganishwa na bomba, jiko la kuni lenye dohani. Hazikuandikwa zikimfikiria mtu aliyezimiwa gesi kwa kukosa salio kwenye mita, ambaye watoto wake wanatetemeka, na ambaye ana jiko la mkaa kwenye veranda kwa ajili ya nyama choma za kiangazi. Kwa nyumba kama hiyo, hatari kubwa ni kile tunachokibeba kwa mikono yetu wenyewe na kukiingiza sebuleni, na hakuna mkaguzi atakayekikuta siku anapokuja.

Nyumbani tumefundishwa kwamba mkaa ukishakolea, ukawa mwekundu na moshi ukaisha, basi uko salama. Tulijifunza hivyo kwa watu tunaowaheshimu, na kwa jambo la kutowashwa macho walikuwa sahihi. Kwa jambo la sumu, hapana. Mkaa uliokolea bila moshi wowote unaendelea kutoa kaboni monoksidi kwa wingi, na unaendelea hata unapofifia na kufunikwa na majivu, hadi utakapozimika na kupoa kabisa. Nyumba za huku zimezibwa kila upenyo ili joto lisitoke, nazo hazina nafasi kati ya ukuta na paa kama nyumba nyingi za kwetu. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Vilevile, usiingize ndani jiko la kuchomea nyama ili mvua isilinyeshee, wala usilale nalo hemani.

Ukishindwa kulipia joto, sema mapema. Kampuni za nishati zina daftari la wateja wanaohitaji uangalizi wa kipekee, ambalo familia zenye watoto wadogo au wagonjwa zinaweza kuomba kuandikishwa, na halmashauri nyingi zina misaada ya dharura wakati wa baridi. Msikiti au kanisa lenu huenda likajua njia iliyo fupi zaidi.

Jamaa zangu wako Marekani na Kanada. Sheria ni hizihizi?

Sivyo. Marekani kila jimbo lina sheria yake. Minnesota ilizitaka nyumba za familia moja kuwa na king'ora tangu Agosti 2008 na majengo ya familia nyingi tangu Agosti 2009, na kiwe ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. California ilianza na nyumba za familia moja zenye kifaa kinachochoma mafuta au gereji iliyoungana na nyumba tarehe 1 Julai 2011, na makazi mengine yakafuata mwaka 2013. Kanada, jimbo la Ontario liliweka sharti lake mwaka 2014. Kwa takwimu za mamlaka ya afya ya Marekani, CDC, zaidi ya watu 400 hufa kila mwaka nchini humo kwa sumu hii bila moto wala kukusudia, na zaidi ya 100,000 hufikishwa katika idara za dharura. Mwambie jamaa yako aulize idara ya zimamoto ya mji wake.

Ninakwenda likizo nyumbani. Inafaa kumpelekea mama king'ora?

Inafaa, lakini mweleze matumizi yake vizuri. Sheria za Uingereza haziwahusu walioko Makete, Njombe, Limuru au Nyandarua. Sumu, hata hivyo, ni ileile, na miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo watu huingiza jiko chumbani na kufunga mlango. Jenereta iliyowekwa karibu na dirisha umeme unapokatika huleta hatari hiyohiyo. Chagua cha betri iliyofungwa ndani, ili asihangaike kuitafuta dukani, na uangalie kina miaka mingapi kabla ya tarehe yake ya mwisho. Mwoneshe kitufe, na umruhusu asikie mlio huo mara kadhaa ili usimtishe usiku.

Kisha mweleze kwamba kikiwa katika chumba kimoja na jiko la mkaa kitalia, na kitalia tena kesho yake. Jirani anaweza kumwambia kwamba amepewa kifaa kibovu. Mwambie kwamba hapo kinafanya kazi yake sawasawa, na kwamba kinachopaswa kutoka chumbani ni jiko.